Mdalasini wa Ceylon na kasia: upi wa pilau, upi wa kijiko cha kila asubuhi

Mifuko yote miwili imeandikwa mdalasini. Yote inanukia, yote ina rangi ya udongo, lakini mmoja unauzwa mara mbili tatu ya bei ya mwenzake. Ukimuuliza muuza viungo kulikoni, atakwambia huu mkali, ule mtamu, na hajakudanganya. Kwa mpishi jibu hilo linatosha. Kwa mama aliyeambiwa na jirani kwamba kijiko kimoja kila asubuhi kinashusha sukari, halitoshi, kwa sababu tofauti inayomhusu yeye haionjeki kwa ulimi. Ni kemikali iitwayo kumarini. Kwenye mdalasini mmoja imejaa, kwenye mwingine karibu haipo.

Niseme mapema ninakoelekea. Kwa sufuria ya pilau chukua wowote, na mimi ningechukua ule wa bei nafuu. Kwa anayetumia kijiko kila siku, achukue wa Ceylon, au wa kwetu wa Unguja na Muheza. Na si kwa sababu una dawa nyingi zaidi. Kwa kweli kemikali inayosifiwa zaidi ni pungufu kwenye huo wa bei ghali.

Miti tofauti, jina moja

Mdalasini unaoitwa wa kweli ni Cinnamomum verum, ambao vitabu vya zamani huuandika zeylanicum. Asili yake ni Sri Lanka, nchi iliyoitwa Ceylon hadi mwaka 1972. Upande wa pili wapo jamaa zake, ambao biashara huwauza pamoja kwa jina la kasia: Cinnamomum cassia wa China, burmannii wa Indonesia na loureiroi wa Vietnam. Marekani sheria inaruhusu wote waitwe mdalasini tu, na unaojaza rafu za huko ni kasia, hasa ya Indonesia. Sri Lanka ililiona hilo kama kuibiwa jina, na mwaka 2022 ikapata ulinzi wa jina la mdalasini wake katika Umoja wa Ulaya.

Huku kwetu mti unaopandwa ni verum. Unguja na Pemba umo kwenye mashamba ya viungo, na bara uko Muheza, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, pamoja na iliki, karafuu na pilipili manga. Aliyewahi kutembezwa mashamba ya Kizimbani au Kidichi anajua mchezo wa watembezaji: wanakufikichia jani unusie, unasema karafuu, wanakukwangulia mzizi, unasema dawa ya kuchua. Pua haijakosea. Jani la mdalasini lina yujenoli kwa wingi, ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mafuta ya majani huwa na yujenoli asilimia 70 na zaidi. Mzizi una kafuri. Gome peke yake ndilo lenye harufu tunayoiita ya mdalasini. Kwa hiyo ukikuta chupa ya mafuta ya mdalasini, swali la kwanza ni mafuta ya sehemu gani. Ya majani kwa jino linalouma yanafanya kazi ya mafuta ya karafuu, na karafuu tunazo tele, tena rahisi. Ya gome usiyapake bila kuyachanganya na mafuta mengine, yanaunguza ngozi, na usiyanywe hata tone.

Kinachotafutwa: sinamaldehidi na wenzake

Harufu hiyo ya gome inatokana na sinamaldehidi. Wakemia wawili wa Ufaransa, Dumas na Péligot, waliitenga mwaka 1834. Kwenye mafuta ya gome la Ceylon huwa kati ya asilimia 55 na 75. Kwenye mafuta ya kasia hupanda hadi 70, 80, hata 90. Anayesema kasia ina nguvu zaidi yuko sahihi kabisa. Nafasi ambayo kasia imeijaza sinamaldehidi, Ceylon imeigawia yujenoli na manukato mengine madogomadogo, na ndiyo maana ladha yake ni laini na haishambulii.

Sinamaldehidi huua bakteria na kuvu kwenye vyombo vya maabara, na hapo ndipo jumbe za WhatsApp zinapopatia matangazo yake. Wasichokisema ni kinachotokea baada ya kumeza. Mwili huigeuza upesi kuwa asidi ya sinamiki, kisha asidi ya hipuriki, ikatoka na mkojo. Kinachoua vijidudu kwenye kioo hakifiki kifuani kwa mwenye mafua kikiwa katika hali ileile. Chai ya mdalasini inafariji koo, na hilo ni jambo jema, lakini si sawa na kutibu. Katika hili Ceylon na kasia wako sare.

Kundi la pili la kemikali ni polifenoli zinazoyeyuka kwenye maji. Hizi ndizo zilizoanzisha habari ya kisukari. Richard Anderson na wenzake, katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, walionyesha kwamba polifenoli za mdalasini huongeza kazi ya insulini kwenye seli zilizooteshwa maabara. Kutoka kwenye seli hadi kwa mtu ni safari, na safari hiyo ndiyo iliyoleta ubishi.

Je, unashusha sukari?

Jaribio linalotajwa kuliko yote lilifanyika Pakistan na kuchapishwa mwaka 2003. Watu 60 wenye kisukari cha aina ya 2 waligawanywa: wengine walipewa gramu 1 ya mdalasini kwa siku, wengine 3, wengine 6, na wenzao vidonge visivyo na dawa. Baada ya siku 40, sukari ya kabla ya kula ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18 hadi 29 kwa waliopewa mdalasini, bila kujali kipimo. Habari ikaenea dunia nzima. Jambo moja likaachwa njiani: mdalasini uliotumika ulikuwa kasia.

Mwaka 2006 Waholanzi wakajaribu kwa wanawake 25 waliokwisha koma hedhi, nao wenye kisukari cha aina ya 2. Gramu 1 na nusu kwa siku, wiki sita. Hapakuwa na tofauti na wale waliomeza vidonge bandia. Majaribio mengine yakaja, mengine yakikubali, mengine yakikataa. Mwaka 2012 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, wakayakusanya majaribio 10 yenye jumla ya watu 577, na wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuunga mkono matumizi ya mdalasini kwa kisukari.

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, na wauzaji wa pande zote hupaparuka. Anayeuza wa Ceylon hutumia jaribio la Pakistan kuupigia debe, ingawa halikuwa lake. Anayeuza kasia ana haki ya kulitaja, ila hasemi yaliyofuata, wala hasemi lolote juu ya kumarini. Ukiweka mezani yote mawili, unabaki na hali hii: mdalasini uliojaribiwa zaidi ndio wenye hatari zaidi, na ulio salama zaidi ndio uliojaribiwa kidogo. Kwa kuwa faida yenyewe ni ya mashaka kwa wote wawili, mimi naona usalama ndio uamue. Faida ya kubahatisha hailipiwi kwa ini.

Na aliyeandikiwa metformini, dawa ya kisukari, asiiache kwa ajili ya gome la mti wowote. Akitaka kunywa mdalasini juu ya dawa zake, amwambie daktari na apime sukari, maana vyote viwili vikivuta upande mmoja anaweza kushuka kupita kiasi.

Ule mchanganyiko wa asali na mdalasini unaosambazwa kama dawa ya kila kitu nao unanishangaza. Kijiko kikubwa cha asali kina sukari karibu gramu 17. Kumpa mgonjwa wa kisukari asali ili mdalasini uliomo ushushe sukari ni kuwasha moto na kuupulizia maji kwa kinywa.

Kisichotafutwa: kumarini

Kumarini ina harufu tamu ya majani makavu na vanila. Ilitengwa mwaka 1820 kutoka kwenye mbegu za tonka, na watengeneza manukato wanaipenda mpaka leo. Marekani iliizuia kama kiongezwa cha chakula mwaka 1954, baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha kwamba inadhuru ini. Kwa binadamu wengi ini huimudu vizuri. Lakini wapo wachache ambao miili yao haiimudu, na kwao hata kiasi kisicho kikubwa kikiendelea kwa wiki kadhaa kinaweza kuleta uvimbe wa ini. Kwa kawaida ini hupona mtu akiacha. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua yuko kundi gani kabla ya kuumwa.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo: miligramu 0.1 ya kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa siku, kwa maisha yote. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilipopima kasia ya unga ilikuta wastani wa miligramu 3 hivi za kumarini kwa kila gramu. Sasa tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 kikomo chake ni miligramu 6, yaani gramu 2 za kasia. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 2 na nusu hivi. Ameshavuka, na bado hajala mkate wa mdalasini. Aliyefuata kipimo kikubwa cha jaribio la Pakistan, gramu 6, anakuwa amemeza mara tatu ya kikomo. Mtoto wa kilo 15 anafika kwake kwa nusu gramu tu, ambayo ni kidogo kuliko kile ambacho mzazi hunyunyiza kwenye uji bila kufikiri.

Kwa mdalasini wa Ceylon hesabu hiyo haina maana. Kumarini yake ni kidogo sana, mara nyingi taabu hata kuipima, na mtu atashindwa na ladha kabla ya kukifikia kikomo.

Wastani nao si ahadi. Kasia ya Vietnam na ya Indonesia mara kwa mara hupimwa ikiwa na kumarini nyingi kuliko huo wastani, na miti ya shamba moja hutofautiana sana yenyewe kwa yenyewe. Mfuko wa leo si mfuko wa mwezi ujao, hata duka likiwa lilelile.

Lakini tusitishane. Kikomo ni cha kila siku, miaka na miaka. Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya ilisema mwaka 2008 kwamba hata mara tatu ya kikomo kwa wiki moja au mbili si jambo la kutia wasiwasi. Vipande viwili vya kasia kwenye pilau ya watu kumi, tena vikitolewa au kusukumwa pembeni ya sahani, havimdhuru mtu. Kipande kinachochemshwa kwenye chai huachia sehemu tu ya kumarini yake, na gome lenyewe linatupwa. Mzigo uko kwenye unga, kwa sababu unga unamezwa wote. Ulaya sheria ya 2008 imebana mikate na keki kwa sababu hiyo: miligramu 15 kwa kilo kwa mikate ya kawaida, 50 kwa ile ya jadi ya msimu wa sikukuu. Waokaji wa Denmark walikuja juu, wakidai wanaharibiwa mkate wao wa mdalasini, mpaka wakakubaliwa kuuita wa jadi.

Na kuna uvumi wa kuusahihisha. Watu husema kasia inafanya damu kuwa nyepesi kwa sababu ya kumarini. Kumarini yenyewe haifanyi hivyo. Inayozuia damu kuganda ni dikumaroli, ambayo kuvu huitengeneza kutokana na kumarini kwenye nyasi za malisho zilizooza. Ng'ombe wa Marekani na Kanada walikufa kwa kuvuja damu miaka ya 1920 kwa kula nyasi hizo, na kutokana na ugunduzi huo ikaja wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hata hivyo, anayetumia wafarini asianze kijiko cha kila siku cha mdalasini wowote bila kumwambia daktari wake. Dawa hiyo inayumbishwa na vitu vingi, ini likiwa kimojawapo.

Kuutambua sokoni

Ukiwa mzima, kazi ni nyepesi. Sri Lanka hukata matawi machanga, hukwangua ganda la nje, kisha huchuna gome la ndani likiwa jembamba na kulipanga tabaka juu ya tabaka. Kipande kikikauka kinakuwa kama karatasi nyingi zilizoviringishwa pamoja, rangi yake ni kahawia hafifu, na kinavunjika kwa vidole. Kipande cha daraja la juu, Alba, hakizidi kipenyo cha milimita 6. Kasia ni gome moja, nene, gumu, jekundu-kahawia, lililojikunja kutoka pande mbili kama linataka kukutana katikati. Ukijaribu kulivunja utaumia wewe.

Tatizo linakuja kwa mdalasini wa kwetu. Ni verum, lakini wakulima wengi huuchuna kwenye shina au matawi makubwa bila kuukwangua, kwa hiyo unaweza kukuta magome manene, bapa, yenye madoa ya kijivu nje. Anayefuata picha za mtandaoni atasema ni kasia. Hapo acha macho, tumia ulimi. Tafuna kipande kidogo. Kasia inaanza tamu, inapanda kuwa kali inayochoma, na inaacha ute mdomoni. Verum inapita kwa upole, na mwisho wake unakumbusha karafuu. Kama muuzaji ni wa Darajani au Kariakoo, muulize mzigo umetoka shamba au umetoka nje. Swali hilo hujibiwa kwa urahisi kuliko la majina ya Kilatini.

Ukiwa wa unga, macho hayasaidii. Kasia huwa nyekundu zaidi na ikikorogwa kwenye maji ya moto inavutika, lakini unga uliochanganywa hauna dalili ya kutegemea. Kwenye pakiti na chupa za vidonge tafuta jina la mti: verum au zeylanicum ni Ceylon, cassia, aromaticum, burmannii au loureiroi ni kasia. Palipoandikwa mdalasini tu, hesabu kuwa ni kasia.

Basi nani achukue upi

Kwa pilau, biriani, mchuzi wa nyama na bizari ya kuchanganya nyumbani, kasia inafaa, na wengine, mimi nikiwemo, wanaona inafaa kuliko Ceylon. Inavumilia moto mrefu na haifunikwi na karafuu na bizari nyembamba. Ceylon kwenye pilau ni fedha iliyopotea. Uzuri wake unaonekana kwenye vitu laini: maziwa, uji, matunda, chai ya rangi isiyo na vurugu ya tangawizi.

Kwa anayekunywa unga wa mdalasini kila siku, kwa sababu yoyote ile aliyonayo, Ceylon au wa kwetu, na kijiko kimoja cha chai kinamtosha. Asilambe unga mkavu. Watu wamepaliwa nao hadi hospitali kwa ajili ya video za mzaha. Kwa watoto wanaonyunyiziwa kwenye uji kila asubuhi, ni Ceylon tu. Mjamzito aishie kwenye kiasi cha chakula. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe, au aliye kwenye dozi ya kifua kikuu, ambayo nayo hulielemea ini, aiache kabisa kasia ya kijiko. Kwenye chakula cha sikukuu hakuna neno.

Lipo jambo moja ambalo aina ya mti hailisaidii. Mwishoni mwa 2023 watoto mamia kadhaa Marekani walikutwa na madini ya risasi mwilini baada ya kula rojo la tufaha lililotiwa mdalasini wa unga. Mdalasini huo ulisagwa Ecuador, na uchunguzi ulielekea kwenye rangi yenye risasi iliyochanganywa humo. Mwaka uliofuata mamlaka za huko zikaendelea kutangaza unga wa chapa mbalimbali uliokutwa na risasi. Unga hufichika; gome zima halina pa kufichia rangi. Nunua zima, usage mwenyewe kidogo kidogo. Wa Ceylon unasagika kwenye mashine ndogo ya kahawa bila tabu. Kasia ipigepige kwanza kwenye kinu mpaka iwe vipande vidogo, la sivyo kitakachosagika ni visu vya blenda.